Betri za Babu Feruzi

Wadogo zangu Salma na Idi, na mtoto mwingine yeyote anayeanza kusaidia kwenye ofisi ya kago ya wazazi wake,

Nimestaafu. Chekeni tu. Nina miaka kumi na saba, lakini mtu aliyefungasha mizigo kila Jumamosi na kila likizo tangu akiwa na miaka kumi na miwili ana haki ya kusema amestaafu kama mzee yeyote wa bandarini. Mgongo unauma pale pale unapowauma wazee. Sasa mimi niko bweni Morogoro, kidato cha tano, na ofisi ya mama kule Guangzhou, ghorofani pale mtaa wa Huanshi Zhonglu, imebaki mikononi mwenu. Mama ameniambia kwamba mnafunga maboksi kama mnafunga vitumbua vya kupeleka kwa jirani. Ndiyo maana naandika. Kuongea siwezi, mnanijua.

Nianze na hilo la kuongea, maana najua Salma naye ana haya kama mimi na anadhani kazi hii ni ya wenye midomo. Siyo. Mteja wa kwanza niliyepelekwa naye soko la nguo la Shisanhang kumtafsiria alikuwa mama mmoja wa Kariakoo aliyetaka magauni ya watoto ya jumla. Laoban, yaani mwenye duka, akataja bei. Mteja akaniambia nimwambie ni ghali mno. Maneno ya Kichina nilikuwa nayo, yamejipanga vizuri kabisa, ila yalifika kooni yakakaa. Nikaangalia viatu vyangu. Laoban akanitazama, akateremsha bei. Nikaendelea kuangalia viatu. Akateremsha tena, akaongeza na mfuko wa vibanio vya nywele, akamwambia mwenzake kwamba katoto haka ni kagumu kuliko mawe. Tangu siku ile wateja walinigombania. Walidhani nina mbinu. Mimi nilikuwa nasubiri ardhi ipasuke.

Kwa hiyo Salma, ukiona haya, ona haya kwa utulivu. Usicheke wala usitikise kichwa. Viatu vyako viwe safi tu, maana utaviangalia sana.

Idi, wewe shida yako ni tepu. Tepu haipiti kwenye mshono wa boksi peke yake. Ipitishe katikati, halafu ipitishe kwenye kingo mbili, uone umbo la herufi H. Viatu vijaze soksi ndani, hewa haina haja ya kusafirishwa mpaka Dar. Na roli ya tepu ivae mkononi kama bangili, usiiweke chini, ukiiweka chini itaingia uvunguni na utaonekana mvivu. Mimi niliivaa hadi kwenye treni ya chini ya ardhi, hadi msikitini niliwahi kuingia nayo. Hapo mbele mtaona ilivyonifaa.

Sasa Bi Zuhura. Nyinyi mnamwona kila siku, ila anayesoma bila kumjua ajue kwamba ndiye mfungashaji mkuu wa mama na ndiye aliyenifundisha kazi. Ni mtu wa Temeke, hanyanyui sauti, na ana imani moja kubwa baada ya dini yake: betri zote zitoke. Betri ikionekana ndani ya mzigo wa kawaida, wakala wa bandari ya Huangpu anarudisha boksi zima, na kontena haingoji mtu. Kwa hiyo Bi Zuhura hutoa betri kwenye saa za ukutani, kwenye tochi, kwenye wanasesere wanaolia mama, na kuzitupa kwenye ndoo yake ya bluu. Wanasesere walikuwa wananyamaza katikati ya neno. Siku moja mteja alikuja na kipimo chake mwenyewe cha presha, akakiweka mezani ajipime kidogo kabla ya kushuka ngazi. Bi Zuhura akapita nyuma yake akachomoa betri bila kusimama. Yule baba akabaki amefungwa mkono, anasubiri majibu, mpaka mama alipomletea chai.

Ndipo akaja Babu Feruzi.

Babu Feruzi anatoka Kikwajuni, Zanzibar, yeye na bintiye Mwajuma wanakodisha viti na spika za harusi. Alikuja kununua spika mpya. Asubuhi ya kwanza alipofika ofisini nilimwamkia kwa sauti ya mbu, akaitikia kwa furaha kama nimempigia ngoma, kisha akafungua kikoi juu ya meza akatoa kimashine cha rangi ya fedha, ukubwa wa daftari nene, kina vinobu juu na vitufe vya kinanda chini. Kinobu kimoja kilikuwa kimekatika. Alitaka kukitafutia kingine kule Guangzhou, maana mwenye kitu kama hicho Unguja nzima ni yeye.

Nikamuuliza ni cha nini. Alifurahi mno kuulizwa, nikajua nyumbani hawamuulizi tena.

Akasema ni mashine ya besi. Ilitengenezwa ili mpiga gitaa aliye peke yake chumbani apate wa kumpigia besi, lakini besi yake haikufanana na besi hata kidogo, kwa hiyo walionunua waliziuza kwa bei ya kutupa. Vijana weusi wa Chicago wakaziokota, wakazungusha vinobu mpaka kule ambako maelekezo hayakufika, ikatoka sauti ambayo dunia haikuwa nayo. Muziki huo ukaitwa asidi hausi. Bi Zuhura aliyekuwa akifunga vikombe akasema bila kugeuka kwamba asidi haipandi kontena. Babu akamwambia ni jina tu. Bi Zuhura akasema hata jina lisiandikwe kwenye boksi.

Wakati huo Babu alikuwa kijana, yuko London, anamenya viazi kwenye jiko la hoteli. Akapata mashine yake, akatengeneza muziki chumbani amevaa koti kwa baridi, kidole gumba kimefungwa bandeji kwa sababu ya kisu cha viazi. Muziki ule ukatoka kwenye sahani chache za santuri, lebo nyeupe, bila jina la mtu, maana ndivyo wenzake walivyofanya. Alisema watu walicheza mpaka jasho likawa linadondoka kutoka darini. Baadaye akahamahama, sahani ikapotea, akarudi nyumbani na kimashine na hadithi.

Hadithi ndiyo iliyomponza. Hakuna aliyemwamini. Wajukuu wanauita muziki wake tumbo la Babu. Aliwahi kuupiga harusini Mwajuma alipokwenda kula, na mama wa bibi harusi akaja mbio kusema spika inaungua. Mwajuma akampiga marufuku kugusa mitambo. Sasa kwenye harusi anapanga viti.

"Sitaki sifa mie," aliniambia. "Nataka mtu mmoja, asiye miye, aseme ule muziki ni wa Feruzi. Kisha nipange viti vyangu kwa raha."

Akakiacha kimashine ofisini pamoja na mabegi yake, asije akakipoteza kwenye msongamano, tukaondoka mimi na yeye kwenda soko la spika.

Hamjaenda huko bado, basi jiandaeni masikio. Kila duka linapiga lake kwa wakati mmoja, na kila mwenye duka anaamini ukikaribia zaidi utaelewa. Tukaingia kwa laoban mmoja mnene mpole, mama yake mzee amekaa kwenye kona anakula mbegu za alizeti. Babu akachagua spika. Laoban akasema anaijaribu tusikie, akabonyeza.

Ikatoka ngoma, halafu ikaanza sauti ambayo nitajaribu kuieleza. Ni kama chura aliyemeza filimbi na sasa anajaribu kuirudisha kwa mwenyewe. Inashuka mpaka kifua kinatetemeka, inapanda mpaka meno yanawasha, halafu mahali fulani inateleza, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi, na kuendelea kana kwamba hakuna aliyeona.

Babu Feruzi akakaa juu ya boksi.

Nilidhani ni joto. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ule ni wake.

Nikamtafsiria laoban. Hiyo sentensi peke yake ilinitoa jasho. Laoban akacheka vizuri tu, bila ubaya. Akasema huo ni muziki wa kujaribia spika, soko zima wanao, yeye alirithi kwa fundi aliyemfundisha kazi, na fundi alikuwa nao kwenye CD isiyo na jalada. Kila spika inayotoka dukani kwake inatoka na kadi ndogo ya memori yenye muziki huo, kwa sababu unashuka chini sana na kupanda juu sana, spika ikiuvumilia itavumilia chochote. Ubaya wake ni pale unapoteleza. Wateja wanarudisha spika wakisema mbovu. Kisha akasema kama mzee ndiye aliyeutengeneza, basi aonyeshe.

Babu akasimama amekuwa kijana. Akasema muziki wote umo ndani ya kile kimashine, aliuweka kwa mkono wake na haujatoka tangu London. Kinaukumbuka kwa betri. Kila mara betri zikikaribia kuchoka anazibadilisha upesi upesi kama mtu anayembadilisha mtoto nepi kwenye upepo, maana zikitoka zikakaa nje, kinasahau kila kitu.

 Akilini nikamwona Bi Zuhura na ndoo yake.

Nikampigia. Simu yake, kama mjuavyo, akifungasha inalala kwenye droo. Mama alikuwa Huangpu anahangaika na wakala. Ilibaki njia moja, nayo ni ile ambayo ningeikimbia hata kwa kuogelea: kutuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la wateja. Grupu lile lina kila Mtanzania anayepakia mzigo Guangzhou, na wasiopakia pia. Sikuwahi hata kuweka kidole gumba cha sawa. Babu alikuwa ananitazama. Nikabonyeza nikasema, na sauti inatetemeka kwa haya:

"Bi Zuhura, usitoe betri. Yeyote aliye karibu na ofisi ya mama, tafadhali mwambieni Bi Zuhura asiguse betri."

Sasa wadogo zangu, sauti inayotetemeka kwa haya na inayotetemeka kwa hofu ya mlipuko zinafanana sana kwenye simu. Tulipofika ofisini korido imejaa. Mpishi wa mgahawa wa chini yuko na upawa mkononi. Kinyozi Mkongo amekuja na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja, bado amevaa shuka la kinyozi. Mlinzi wa jengo ameshika mtungi wa kuzimia moto, ameuelekeza ndani. Na ndani, juu ya kigoda, amesimama Bi Zuhura na mwanasesere mkononi, hapumui, huku kinyozi akimsihi kwa Kifaransa aende taratibu, "Doucement, maman, doucement."

Nikapenya. Nikamweleza. Bi Zuhura akashuka kwenye kigoda taratibu, akamrudishia mwanasesere utu wake kwa kumlaza vizuri, akanyoosha kidole kwenye ndoo.

"Za Babu nimezitoa asubuhi," akasema. "Zile nne nene. Mlipotoka tu."

Mlinzi akateremsha mtungi. Watu wakatawanyika, hata kinyozi. Bi Zuhura akazitafuta zile betri kwenye ndoo, akazifuta kwa khanga yake moja moja, akazirudisha. Kimashine kikawaka taa, kikatoa makelele yasiyo na kichwa wala miguu. Babu akasikiliza kidogo.

"Huyu simjui," akasema.

Sijawahi kumwona Bi Zuhura hajui la kufanya na mikono yake. Aliikunja, akaikunjua, akasema mwishowe kwamba kitu kilichowekwa kwa mkono si kinawekwa tena kwa mkono huo huo. Babu akasema imepita zaidi ya miaka thelathini. Bi Zuhura akasema mkono si uko hapo. Kisha akafanya jambo ambalo hamtaliona tena: akafunga ofisi mchana, akabeba kimashine mwenyewe kama mtoto aliyetoka kutahiriwa, tukarudi sokoni watu watatu.

Laoban alikuwa ameshawaambia majirani. Tulikuta viti vimepangwa. Akaunganisha kimashine kwenye spika kubwa kuliko zote, Babu akavaa miwani, akaanza. Unaingiza noti kwanza zote, halafu mapigo yake, halafu unaomba Mungu. Alikosea, akafuta, akakosea. Laoban akaendelea kumimina chai. Hatimaye Babu akabonyeza, na chura wetu akatoka. Akashuka, akapanda, akafika mahali pake pa kuteleza, akapita wima kabisa.

Laoban akatikisa kichwa. Si wenyewe, akasema, na kwa kweli alionekana kusikitika. Akapiga wa kwake. Ukateleza. Babu akarudia. Haukuteleza. Akarudia tena, umenyooka kama rula. Aliujua muziki wake vizuri mno sasa, mkono ulikataa kukosea. Wenye maduka wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Babu akavua miwani, akasema twende tu, viti vyangu vinanisubiri.

Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu, na juu ya viatu niliiona tepu mkononi kwangu.

Nikamwambia Babu alete kidole gumba. Sikumweleza, nilijua nikianza kueleza nitanyamaza. Nikakunja karatasi laini, nikaizungushia kwenye gumba lake, nikapitisha tepu ya mizigo juu yake, tabaka juu ya tabaka, mpaka likawa nene kama la mtu aliyejikata kwa kisu cha viazi. Bi Zuhura akaniambia nifunge vizuri kwenye kingo. Nikafunga.

Babu akaingiza upya. Lile gumba nene lilipofika pale, likabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, cha noti na cha jirani yake kinachofanya sauti iteleze. Hakurekebisha. Akaacha uende.

Ukateleza.

Laoban akasimama na birika limeinama, chai inajaa kikombe, inajaa sahani, inaelekea kwenye waya. Babu hakumwona. Ameshika vinobu viwili, anavizungusha, chura anapiga kelele kama anaona pepo, na yule mama wa laoban kwenye kona ameacha mbegu zake, kichwa kinakwenda mbele na nyuma. Waliokuwa wameondoka wakarudi. Bi Zuhura alikuwa anapiga mguu chini, ila ukimuuliza atasema alikuwa anasogeza waya.

Baadaye laoban alisema kwamba jina lazima liwekwe kwenye kadi, ili wateja wakirudisha spika yeye awaambie wamlalamikie mwenyewe. Akamnyooshea Babu simu arekodi.  Babu akaisukuma simu kwangu.

"Sema wewe, mjukuu wangu. Nikisema miye, watasema yule mzee anajisifu tena."

Nilisema. Ilichukua muda, laoban akamaliza birika lingine, lakini nilisema: muziki huu ni wa Babu Feruzi wa Kikwajuni, Zanzibar. Na kwa kuwa niliogopa kwamba nitaambiwa nirudie, nikauliza hapo hapo, "Babu, imeingia?" Babu akajibu, sauti yake imekatika katikati, "Imeingia, mjukuu wangu. Imeingia." Laoban hajui Kiswahili. Hakukata kitu. Akapakia vyote kwenye kadi, pamoja na kupenga kamasi kwa Babu mwishoni, na kadi zikaingia kwenye spika, na spika zikaenda Huangpu.

Kimashine Babu alikibeba mkononi ndani ya ndege, betri zake ndani. Bi Zuhura ndiye aliyemwambia. Na siku hizi, nendeni mkamwangalie, kabla hajachomoa betri anamuuliza mwenye mzigo kwanza: kitu hiki kina kumbukumbu? Na nyinyi muulize. Hata wanasesere.

Mwajuma alimpigia mama simu spika zilipofika. Alisema walifungua boksi, wakawasha, ikasema jina la baba yake kabla baba mwenyewe hajaingia ndani.  Baadaye akapiga tena, akasema siku hizi kwenye harusi watu wanautaka, wanangojea pale pa kuteleza, wote wanateleza pamoja, na viti anapanga yeye Mwajuma.

Mimi nilidhani nimetoroka. Huku Morogoro hakuna anayenijua, nilipanga kukaa miaka miwili bila kusikika. Wiki hii shule imenunua spika mpya ya mstarini, kutoka Kariakoo. Mwalimu wa zamu akaiwasha mbele ya shule nzima. Chura akaimba, akateleza, kisha uwanja mzima ukasikia katoto kenye haya kakiuliza, "Babu, imeingia?" Kumbe wenzangu wengi wanaijua, mitaani kwao spika hizo zimejaa. Shule nzima ikajibu kwa pamoja, "Imeingia, mjukuu wangu." Nami niliangalia viatu vyangu.

Msichana aliyesimama karibu yangu, anaitwa Neema, tunalala vitanda jirani, akanong'ona peke yake kwamba siku zote anajiuliza, huyo Babu Feruzi ni mtu kweli au wamemtunga tu.

Nikamwambia ni mtu kweli. Nikamwambia Kikwajuni. Nikamwambia London na viazi, ndoo ya bluu, gumba la tepu, mama wa laoban na mbegu zake. Nikaendelea tulipoingia darasani, nikaendelea mwalimu hajafika, madawati ya mbele wakageuka kusikiliza, na nilipofika kwa kinyozi Mkongo nilikuwa nimesimama.

Kiranja ameandika majina ya wapiga kelele ubaoni. La kwanza ni langu, na amelipigia mstari.